Nasike na Jogoo wa Mstari wa Mwisho

Mwaka wa 1937, wanawake wa mstari wa mwisho wa nyumba katika lokesheni, mtaa wa Waafrika mjini Eldoret, walikuwa wakienda chooni na kifuniko cha sufuria mkononi. Mgeni akiuliza sababu, walimwonyesha jogoo mmoja mwekundu aliyesimama juu ya rundo la kuni, kisha wakamshauri abaki upande wa pili wa uzio.

Mwenye jogoo huyo alikuwa Nasike, mwanamke mfupi kutoka upande wa Kimilili. Alikuwa amekuja Eldoret miaka sita kabla, enzi ambazo wengi bado waliuita mji huo Sisibo, akimfuata mumewe Khisa aliyekuwa akishona midomo ya magunia katika kinu cha unga wa ngano. Kila jioni Khisa alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, akachekwa njiani na watoto. Nasike yeye hakuchekwa wala hakutajwa. Alilelewa na shangazi mkali aliyemfundisha kwamba mtoto mzuri hasikiki, na hata baada ya kuolewa na kuzaa mabinti wawili, Nanzala na mdogo wake, bado aliongea kama mtu anayeomba radhi. Kanisani aliketi karibu na mlango. Akisukumwa kwenye foleni ya maji, alisogea.

Jambo moja tu alilijua kuwashinda wenzake, nalo ni ufugaji wa kuku. Khisa aliruhusiwa kubeba takataka za ngano zilizofagiwa sakafuni kinuni, naye Nasike akazipepeta, akawalisha kuku wake kumi na wanne nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa fito za miwati. Halafu, katika mvua za mwaka wa 1936, kikaja kideri. Kwa siku nane kuku wa lokesheni walikuwa wakiinamisha vichwa na kufa. Ugonjwa ulipoisha, Nasike alikuwa amebaki na tetea wawili, jirani yake Jepkemboi na mmoja, na mstari mzima haukuwa na jogoo hata wa dawa.

Ndipo akatokea Kituyi, binamu yake Nasike, aliyekuwa mpishi kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Sugoi. Alifika Jumamosi moja juu ya mkokoteni wa maksai uliokuwa ukipeleka mahindi stesheni, amepakata kapu lililofunikwa gunia na kukazwa kwa kamba ya katani.

"Nimekuletea jogoo," akasema.

Nasike akachungulia. "Mkubwa namna hii? Wamekupa hivi hivi?"

"Memsahib alisema nimchinje. Nikaona ni dhambi kumtia ndege kama huyu kwenye supu."

"Kwa nini achinjwe?"

Kituyi akageuka akawatazama maksai wake. "Ana hasira kidogo," akasema, akapanda mkokoteni.

Watu walimwita yule jogoo Kaburu, kwa sababu ya alikotoka. Nasike hakulipenda jina hilo, na Mzee Kimeli, msimamizi wa lokesheni, alilichukia zaidi, maana aliogopa siku ambayo mtu angeliita kwa sauti barabarani na Kaburu mwenyewe ageuke. Lakini jina lilikuwa limeshashika.

Miezi ya kwanza alikuwa baraka. Alikuwa mzito kama mtoto wa miezi mitatu, kilemba chake kimesimama wima, na akiwika asubuhi, katika baridi ile ya Uasin Gishu inayotoa moshi mdomoni, alisikika hadi ng'ambo ya mto Sosiani. Akipata punje nzuri hakuila. Aliwaita tetea waje kuila. Siku moja mwewe alishuka juu ya vifaranga, na kabla Nasike hajapata hata jiwe, Kaburu alikuwa amemrukia hewani. Walianguka chini wote wawili, manyoya yakatapakaa, na mwewe akaondoka akiruka upande upande kama mlevi. Wanawake wa mstari ule wakaanza kuleta tetea wao uani kwa Nasike. Mwaka haukuisha kabla nyumba saba hazijapata kuku tena, na vifaranga wote walikuwa na miguu minene ya baba yao.

Kisha miiba ya nyuma ya miguu yake ikakomaa, ikawa mirefu kama kidole cha mwisho cha mtu mzima, naye akabadilika.

Siku ya kwanza Nasike alikuwa ameinama kuokota mayai. Alisikia kishindo mgongoni, kama mtu amemrushia mto, halafu maumivu ya moto kwenye paja. Alipiga kelele, akakimbia ndani, akafunga mlango. Mayai matatu yalibaki uani yamepasuka. Kupitia ufa wa mlango alimwona Kaburu akitembea mbele ya kizingiti, kifua mbele, kama askari wa zamu.

Kesho yake alimrukia tena, na Nasike akakimbia tena. Siku ya tatu alitoka na ufagio, akampiga. Hapo ndipo mambo yaliharibika kabisa, kwa sababu Kaburu aliupenda ufagio. Alipigana nao kwa furaha mpaka vijiti vikaisha. Khisa akajaribu teke, akarudi ndani suruali imechanika na damu ikichuruzika kwenye unga uliomganda mguuni. Mabinti wawili walikaa ndani, pua zimebanwa dirishani, na kwenda chooni ikawa safari ya kupangiwa mikakati.

Wiki iliyofuata Kaburu aliruka uzio. Alimkuta Jepkemboi akianika nguo, akamrarua mguu juu ya kifundo. Jepkemboi alikuwa mwanamke mrefu wa Kinandi, mcheshi, aliyekuwa akibadilishana na Nasike mayai kwa maziwa tangu walipokuwa majirani. Siku hiyo hakucheka.

"Nasike, mimi nimekuvumilia," akasema akifunga mguu kwa kitambaa. "Lakini hii jogoo yako sasa inataka kuniua."

"Pole, Mama. Pole sana."

"Hiyo pole haina kisu?"

Jumapili yake, Mwalimu Nicanor wa kanisani alikuja kuwatembelea na Biblia yake kwapani. Aliimaliza ziara hiyo juu ya rundo la kuni, akiwaombea kwa sauti watu wa nyumba ile huku Kaburu akizunguka chini.

Haikupita wiki Mzee Kimeli akaja mwenyewe. Alikuwa amepigana vita vya Wajerumani akiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, mgongo bado umenyooka, na hakuenda popote bila bakora. Alisimama nje ya uzio, wanawake wakakusanyika nyuma yake.

"Mama Nasike, mimi sina neno na wewe," akasema. "Lakini watu wanakuja kwangu kila siku na miguu imepasuka. Leo ni Jumamosi. Jumamosi mbili kutoka leo nitaingia hapo ndani. Kama hiyo jogoo bado inapiga watu, kuku wote wa mstari huu wanaondoka. Wote, si wako peke yako. Nimechoka."

Mnong'ono wa hasira ukapita nyuma yake, na Nasike alijua haukuwa wa kumkasirikia Kimeli.

Jioni ile Khisa alikaa mlangoni akinoa kisu juu ya jiwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeraruliwa mara nne. Nasike alimtazama kwa muda, mikono yake ikiwa kwenye karai la vyombo.

"Weka kisu," akasema.

Khisa aliinua kichwa. Katika miaka yote ya ndoa yao mkewe hakuwahi kumwambia aweke kitu chochote.

"Unasema?"

"Baba Nanzala, weka kisu. Tukimchinja, mwewe atarudi kesho. Na hao wanawake watapandisha tetea wao kwa nani? Nipe hizo Jumamosi mbili."

"Utafanya nini?"

"Bado sijui."

Khisa alicheka kidogo kwa mshangao, akakirudisha kisu kwenye paa.

Jumapili baada ya ibada Nasike hakupika mapema. Aliweka kigoda nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, akamwangalia Kaburu, kitu ambacho, alitambua kwa aibu, hakuwahi kukifanya tangu vita vianze. Muda wote alikuwa akimkimbia. Akaona ng'ombe wa Jepkemboi akipita kwa uvivu kando ya uzio, mkia ukipunga, na jogoo akampisha. Akaona mtu aliyepita haraka akifukuzwa hadi mwisho wa uzio. Akaona pia kwamba Kaburu hakuwahi kuruka ghafla kama walivyodhani. Kwanza alishusha bawa moja, akatembea upande upande, akadonoa chini kana kwamba anakula ilhali hali kitu. Baada ya hapo ndipo aliruka. Na kila aliyemrukia alifanya jambo moja kati ya mawili: alikimbia, au alipunga kitu.

"Anadhani tunaondoka kwa sababu ametushinda," Nasike akawaambia mabinti zake. "Na ni kweli. Tunaondoka."

Jumatatu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, alijifunga magunia kwenye miguu kutoka vidole hadi magoti kwa kamba ya katani, akajitupia shuka nzito begani, akatoka. Hakubeba ufagio. Mikono yake ilikuwa wazi. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia arudi ndani.

Kaburu alishusha bawa. Akaja upande upande. Akadonoa chini.

"Nakuona," Nasike akasema.

Akaruka. Pigo lilitua kwenye gunia, likauma hata hivyo. Nasike hakusogea. Akaruka tena, juu zaidi, mwiba ukampata mkononi na damu ikatoka. Alifumba macho, akayafumbua, hakusogea. Jogoo alizunguka, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, kama mtu aliyerudia kusoma barua anayoijua na kukuta maneno mapya. Mara ya tatu akaruka kwa nguvu zake zote. Nasike alikaza goti. Na Kaburu alipotua, Nasike alipiga hatua moja mbele.

Jogoo akarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa hatua ndogo, isiyozidi upana wa kiganja, lakini Nasike aliiona, na kifuani mwake kitu kilichokuwa kimejikunja tangu kwa shangazi yake kikajinyoosha. Akapiga hatua ya pili. Kaburu akarudi ya pili. Walikwenda hivyo hadi kwenye kona ya ua, na hapo Nasike alimtupia shuka, akamwinua, akambana kwapani mabawa yakiwa yamefungwa na miguu imeshikwa kwa mkono mmoja.

Alitarajia apigane. Kaburu alipigana kidogo tu. Kisha akanyamaza, na kupitia shuka Nasike akahisi moyo wake ukidunda mbio, mbio, kama wa kifaranga.

"Kumbe na wewe unaogopa," akamwambia.

Hakumwachilia. Alienda naye mferejini akiwa kwapani. Alisubiri foleni akiwa naye kwapani. Alisimama barabarani kuongea na mke wa fundi viatu, jogoo akichungulia kutoka kwenye shuka kama mtoto mchanga. Watu walikufa kwa kicheko. "Nasike amejifungua!" mmoja akapaza sauti. Nasike alicheka nao, akaendelea na safari. Alipomweka chini saa sita, Kaburu alijikung'uta, akaenda zake kimya.

Akafanya hivyo Jumanne, na Jumatano, na siku zote zilizofuata. Siku kadhaa jogoo alimjaribu tena, na kila mara alikuta mtu aliyesimama. Wakati wa kulisha, Nasike alimwaga ngano, akasimama katikati ya punje, akawaacha tetea wale kwanza. Kaburu akikaribia, alipiga hatua kumwelekea. Alipotulia ndipo alipopishwa. Khisa, ambaye mwanzoni alikuwa akitazama dirishani, alileta tupa aliyoazima kinuni, na mchana wa Jumamosi ya kwanza Nasike alimshika jogoo mapajani huku mumewe akiisugua ile miiba taratibu hadi ncha zikawa butu kama kifundo cha kidole.

"Mwezi uliopita ungeniambia nitakuja kumkata kucha huyu," Khisa akasema, "ningekuambia umelewa."

Lakini Nasike alijua kazi ilikuwa nusu. Jogoo alikuwa amemheshimu yeye. Kimeli hakusema habari za Nasike. Alisema habari za watu.

Jumatano ya wiki ya pili alienda kugonga kwa Jepkemboi. Hawakuwa wameongea tangu siku ya mguu, wala maziwa hayakuwa yamevuka uzio.

"Mama, njoo uani kwangu," Nasike akasema.

"Kufanya nini? Kupigwa mguu wa pili?"

"Kusimama tu. Nitakuwa karibu na wewe."

Jepkemboi alikataa. Nasike hakuondoka mlangoni. Jambo hilo lilimshangaza Jepkemboi kuliko maneno yote, kwa hiyo mwishowe alijitanda shuka, akaja akinung'unika kwa Kinandi. Walipoingia uani, Kaburu alimtambua. Bawa likashuka. Jepkemboi akageuka kukimbia.

"Usikimbie!" Nasike akapiga kelele. "Simama hapo, Jepkemboi! Simama!"

Sauti ilitoka kubwa, ya tumboni, ikagonga mabati ya nyumba tatu. Jepkemboi aliganda. Hata Kaburu aliganda. Nanzala alitoa kichwa dirishani kuona ni nani aliyeingia uani kwao.

"Sasa piga hatua moja mbele," Nasike akasema, taratibu zaidi. "Usimpunge kitu. Mwendee tu kama ng'ombe wako anavyotembea."

Jepkemboi alipiga hatua. Jogoo akarudi nyuma. Jepkemboi akapiga ya pili, na ya tatu, halafu akaachia kicheko kile chake kirefu ambacho mstari ulikuwa umekikosa kwa karibu mwezi.

"Ananikimbia! Nasike, ona, huyu mjinga ananikimbia!"

Jioni hiyo kibuyu cha maziwa kilivuka uzio. Na kesho yake Jepkemboi mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaita wanawake. Walikuja wawili wawili, wengine na vifuniko vyao, ambavyo Nasike aliwaamuru waviache nje ya uzio. Waliamuriwa na mwanamke aliyekuwa akiketi karibu na mlango kanisani, na waliviacha. Kufikia Ijumaa, kila mtu mzima wa mstari wa mwisho alikuwa amemsogeza Kaburu nyuma angalau mara moja, na wengine walikuwa wamerudi kwa mara ya pili kwa utamu wake.

Jumamosi Mzee Kimeli alikuja saa nne, bakora mkononi. Habari zilikuwa zimeenea, kwa hiyo uzio mzima ulikuwa umejaa vichwa. Mwalimu Nicanor alikuwepo pia, amesimama karibu na kuni kwa tahadhari.

Kimeli alisukuma mlango wa ua akaingia, na kwa mazoea ya miaka mingi aliizungusha bakora yake hewani.

Bawa la Kaburu likashuka.

Watu wote waliliona. Kimeli naye aliona. Alikuwa ameona mizinga ya Wajerumani, lakini mguu wake wa kushoto ulianza kurudi nyuma.

"Mzee," Nasike akasema, bila kupaza sauti wala kuomba radhi, "usirudi nyuma. Na hiyo fimbo, ishushe."

Hakuna aliyewahi kusikia mtu akimwambia Mzee Kimeli ashushe fimbo yake. Kimeli akamtazama Nasike. Kisha akaishusha.

"Sasa mwendee."

Mzee akaenda, hatua tatu za kijeshi. Kaburu alibaki amesimama kwa hatua ya kwanza. Kwa ya pili aliinua kichwa. Kwa ya tatu akakunja bawa lake, akageuka, akaanza kuparua ardhi na kuwaita tetea kana kwamba hilo ndilo alilokuwa amekusudia tangu asubuhi. Nasike akainama, akamwinua kwa mikono miwili, na kabla Kimeli hajajua la kufanya, akamwekea kifuani.

"Mshike, Mzee. Mabawa kwanza. Hivyo."

Kimeli alimshika. Alisimama pale katikati ya ua, bakora imeanguka chini, jogoo mwekundu kwenye koti lake la khaki. Baada ya kitambo uso wake ukalegea.

"Moyo wake unakwenda mbio," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nilidhani huyu ni shetani."

"Ni jogoo tu, Mzee. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo."

Jepkemboi alipiga kigelegele, wengine wakakidaka, kikapita uzio mzima, kikafika hadi mferejini. Khisa, aliyekuwa ameomba ruhusa ya asubuhi na bado hajajipangusa unga, alimbeba mdogo wa Nanzala mabegani, mtoto akawa anapiga makofi juu ya kichwa cha baba yake na kumwaga vumbi jeupe kwa majirani. Kimeli alisubiri kelele ziishe. Akasema kuku wa mstari wa mwisho watabaki. Kisha akaongeza, sauti imeshuka, kwamba nyumbani kwake kuna tetea wawili wazuri, na kama Mama Nasike hana neno, angewaleta Jumatatu.

Kaburu aliishi miaka mitano zaidi. Hakuwa mpole kabisa, na mgeni aliyekimbia aliendelea kujuta, lakini mstari wa mwisho ulipata mayai na vifaranga kuliko mistari mingine yote, na mwewe walizoea kupita mbali. Nasike naye hakurudi tena kwenye benchi la mlangoni. Wanawake wa kanisa walimchagua awaongoze mwaka uliofuata, na mferejini ndiye aliyepanga foleni.

Watu walianza kumletea majogoo wao wakorofi, kutoka Yamumbi, hata kutoka Sugoi. Aliwashika mmoja mmoja kwapani, akawafundisha wenye kuku jinsi ya kusimama. Wengi walirudi nyumbani wamenyooka, watu na ndege.

Mara moja tu alishindwa. Mzee mmoja alitembea tangu alfajiri kutoka upande wa Chepsaita na jogoo mweusi kwenye kapu. Nasike alikaa na ndege huyo siku mbili nzima. Aliraruliwa mikono yote miwili. Siku ya tatu alimrudisha kwenye kapu, akafunga kamba, akamkabidhi mzee aliyekuwa amerudi kumchukua.

"Nimfanye nini, Mama?" mzee akauliza kwa wasiwasi.

"Huyu ni wa sufuria," Nasike akasema. "Moto uko tayari, na ugali nimesonga. Keti hapo."